Habari Nilizompunguzia Mama

Mwezi ule mdogo wangu aliponyamaza kule Kongo, mimi nilikuwa na ugomvi na redio mbili. Zote za ng'ambo, zote za umma, yaani zinaendeshwa kwa kodi za wananchi wa huko, na zote zina idhaa ya Kiswahili inayosikika Karatu vizuri kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ni mwalimu wa Uraia. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba chombo cha habari cha umma ni cha watu wote na hakiegemei upande. Wanaandika, wanajibu hivyo kwenye mtihani, nawapa alama zao. Sasa nikawa nasimama jikoni na mwiko mkononi nikisikiliza, na nilichokuwa nasikia hakikufanana na nilichofundisha.

Mdogo wangu ni askari. Alikwenda mashariki mwa Kongo na kikosi cha kulinda amani. Alipoondoka aliandikisha namba yangu ya simu jeshini, kwa sababu baba yetu alishafariki, na simu ya mama hukaa kabatini imezimwa ili chaji isiishe. Alikuwa ananipigia kila Jumapili tukitoka kanisani. Kisha mapigano yakasogea karibu na mji waliokuwa wanaulinda, na Jumapili moja hakupiga. Ya pili pia hakupiga. Mama akafunga nyumba yake Mbulumbulu, akamwachia jirani mbuzi na maharage ambayo hayajapurwa, akashuka Karatu na gunia la viazi kuja kukaa kwangu. Hakusema amefuata nini. Alisema ni mgongo.

Mama anakijua Kiswahili cha mnadani: bei, salamu, na maneno ya kumkemea bodaboda aliyeegesha mlangoni. Kiswahili cha redio kinampita juu. Kwa hiyo bila kukubaliana tukagawana kazi. Redio inasema, mimi nageuza kwa Kiiraqw, yeye anachambua mboga na kuitikia.

Vita vyenyewe vilikuwa na pande nyingi kuliko nilivyoweza kumweleza. Kuna serikali, kuna waasi, kuna nchi jirani inayodaiwa kuwasaidia waasi na kila siku inakana, na chini ya wote kuna madini. Redio ya kwanza ilimpa msemaji wa waasi nafasi ya kujieleza mpaka chai yangu ikapoa, halafu mtu wa serikali akapewa sentensi moja na simu yake ikakatika. Redio ya pili ilikuwa kinyume chake: huko serikali haikuwahi kukosea hata mara moja, na watu waliokimbia makazi yao walikuwa wanamkimbia mwasi peke yake. Nikawa na daftari. Naandika nani amehojiwa, ameulizwa swali gumu au laini, na nani ametajwa tu bila kupewa nafasi ya kusema. Mume wangu ni Mmaasai wa Kakesio na anafanya kazi hifadhini kule Ngorongoro, wiki mbili mbili. Akaniambia kwenye simu nichague redio moja nitulie. Nikamwambia mdogo wake hayuko huko, ndiyo maana anaweza kutulia. Akaniomba radhi.

Siku iliyonichoma ni ile walipouawa wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa nchi yenye ile redio ya kwanza. Tulitajiwa majina yao, umri wao, miji waliyozaliwa. Mmoja alipenda kupanda milima. Mwalimu wake wa shule ya msingi alitafutwa, akahojiwa, sauti yake ikatetemeka, na mimi mwalimu mwenzake nikalia kabisa, sikatai. Kisha ikaja sentensi moja: katika tukio hilo, askari kadhaa wa kikosi cha kulinda amani pia wamepoteza maisha. Kadhaa. Wa nchi gani, hawakusema. Ikafuata michezo.

Mama aliacha mboga akanitazama. "Wamesemaje?"

"Wazungu wawili wamekufa, mama. Watu wa misaada."

"Na mwishoni?"

"Mpira."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilijiambia nampunguzia mzigo tu, kwamba neno "kadhaa" si habari, na kwamba nikijua la uhakika nitamwambia. Kesho yake redio ya pili ikataja askari hao hao, tena kwa kifupi na bila nchi, nikamwambia mama wanazungumzia mvua. Siku ya tatu nikaruka habari nzima ya Kongo, nikamsimulia bei ya mafuta.

Hasira zangu zote nilizipeleka redioni. Nilichukua simu, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nikarekodi ujumbe wa sauti kwenye ile namba ya wasikilizaji ya redio ya kwanza. Nilianza kwa adabu, nikasema nafuatilia sana matangazo yao. Halafu nikafunguka. Nikauliza kwa nini maiti mmoja ana jina na mwalimu, na mwingine ni kadhaa. Nikauliza kama waliotumwa kulinda watu hawana kijiji, hawana mlima walioupenda. Nikasema kuficha sehemu ya habari ni sawa na kusema uongo, na kwamba msikilizaji ana haki ya kupewa habari nzima. Nilijipongeza kwa sentensi hiyo. Jumamosi wakanitangaza. Mtangazaji alisema wana ujumbe kutoka kaskazini mwa Tanzania, na sauti yangu ikatoka safi kabisa: "Mimi ni msikilizaji kutoka Karatu, nafuatilia sana matangazo yenu." Basi. Ukaingia muziki.

"Huyo si wewe?" mama aliuliza.

"Ni mimi."

"Umewaambia nini?"

"Nimewasalimia."

Wakati huo mama alikuwa amebadilika na mimi sikuelewa. Alikuwa ameacha kula mezani. Alichukua sahani yake na kikombe chake, akavitenga kwenye dirisha la stoo, akawa anakula huko peke yake, anaviosha mwenyewe na hataki vichanganywe na vyetu. Jirani alipokuja kumsalimu, hakumpa mkono. Binti yangu, aliyekuwa na mwaka mmoja na aliyezoea kubebwa na bibi yake mchana kutwa, alimfuata akimshika gauni, na mama akawa anamsogeza kwa kiwiko, taratibu, bila kumtazama. Nilidhani ni mgongo kweli. Kisha nikadhani amechukizwa na kitu nyumbani kwangu, na nikaanza kukasirika na mimi, kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Nilipaswa kujua. Mimi ni Mwiraqw, nimezaliwa Mbulumbulu, si mgeni wa mambo haya. Zamani kwetu msiba ukiingia kwenye nyumba, wafiwa walijitenga. Hawakula na watu, hawakushikana mikono na mtu, hawakubeba mtoto, mpaka muda wake uishe. Metimani, ndivyo tulivyoita. Kanisa limepunguza sana mambo hayo, na kwa kweli mimi nilishayaona kwa bibi tu nikiwa mdogo. Na jambo jingine ambalo bado lipo hadi leo: mama haambiwi kifo cha mtoto wake na mtu mmoja, wala haambiwi ghafla. Aliyepata habari hukaa nayo. Huzungumza mvua, huzungumza bei, huku wazee wakitafutwa. Wakishapatikana wawili watatu, wanakuja asubuhi, wanakaa, wanazunguka kwa maneno, ndipo wanafika kwenye kifo chenyewe.

Jumatatu asubuhi akaja baba mkwe wangu kutoka Kakesio, pamoja na ndugu yake. Alikuwa anapelekwa hospitali kwa ajili ya macho, na alipitia kwangu kupumzika. Wazee wawili wa Kimaasai wenye shuka na fimbo, wamesimama mlangoni saa mbili asubuhi. Nilifurahi. Nilipogeuka kumwita mama, alikuwa tayari ameingia chumbani. Alitoka amejifunika kanga nyeusi kichwani, akakaa chini kwenye sakafu, si kwenye kochi, akanyoosha miguu.

"Takwenya," baba mkwe alimsalimu.

"Iko," mama aliitikia. Salamu hiyo alijifunza siku ya harusi yangu.

Wamaasai wana utaratibu wao wa habari, na baba mkwe haukatishi hata awe na haraka. Mgeni akishakaa anatoa habari zote za alikotoka, hatua kwa hatua, na mwenyeji anaitikia mpaka ziishe. Huanza kwa kusema hakuna habari. Kisha zinakuja, nzuri na mbaya, ng'ombe na watu. Alisema kwa Kiswahili chake kwamba hakuna habari, ni salama. Mvua imenyesha upande mmoja. Ng'ombe wawili wamekufa kwa ugonjwa, na yule mwekundu amezaa. Mzee fulani ameanguka, amevunjika nyonga, yuko hospitali. Mimi niligeuza kwa Kiiraqw, na mama akaitikia kila kimoja, "ee," "ee," mikono yake ikiwa imeshikana magotini.

"Mwambie afike," mama aliniambia.

"Afike wapi, mama?"

"Kwa mwanangu. Mimi niko tayari. Mwambie aache ng'ombe, afike."

Nilimgeuzia baba mkwe, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea kugeuza. Alinitazama mimi, akamtazama nduguye.

"Mwana gani?" aliuliza. "Mimi nimekuja kwa macho."

Hapo ndipo nilipoelewa sahani, na kikombe, na mtoto. Nikakaa pale pale sakafuni mbele ya mama. Nikamwambia ukweli wote kwa Kiiraqw, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Kwamba redio ilisema askari wamekufa. Kwamba haikusema wa nchi gani. Kwamba sikupigiwa simu na mtu yeyote kutoka jeshini, na kwamba sijui, mama, sijui kama yuko hai au amekufa, na nilikuficha kwa sababu sijui.

Baba mkwe aliuliza kuna nini, nikamweleza, naye akakasirika waziwazi.

"Umemweka mama wa watu kwenye msiba, na hakuna mtu aliyekufa?"

"Sijui kama hakuna, baba."

"Basi ungemwambia hivyo! Kwamba hujui. Hiyo nayo si habari?"

Mama ndiye aliyejibu, na hakupandisha sauti.

"Redio ilikuwa inasema muda mrefu," alisema. "Wewe unasema kidogo. Namba iliyoko jeshini ni yako. Nikajua umepigiwa, unatafuta wazee. Nimemzika siku tano, peke yangu, kwenye stoo yako."

Hakunipiga, ingawa ningependa anipige. Alivua ile kanga, akaomba maji ya kunawa, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha akanyoosha mikono kwa mtoto. Nilitoka nje kuwatafutia wageni maziwa nikalia kwa aibu nyuma ya nyumba, mahali pale pale niliporekodia ujumbe wangu kuhusu haki ya msikilizaji.

Baada ya hapo mama aliweka sheria. Kila kinachosemwa ninageuza, pamoja na mpira, na kama sikuelewa nasema sikuelewa. Tukawa tunasikiliza redio zote mbili, asubuhi na jioni. Alikuwa msikilizaji mkali kuliko mimi. Msemaji wa waasi akishamaliza, anauliza na huyo mwingine amejibuje. Nikimwambia hakuulizwa, anaguna. Wakitaja idadi ya waliokimbia, anauliza wamekimbilia kwa nani, na huko wanakula nini, na mimi nalazimika kusema redio haikusema. Daftari langu nililiacha. Yeye alikuwa anakumbuka kila kitu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumetoka kanisani, bado tuna viatu vya ibada, simu ikaita kwa namba ndefu nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mdogo wangu. Nilipiga ukelele, nikaiweka kwenye spika, nikaishika katikati yetu. Alimsalimu mama kwa Kiiraqw, akasema yuko mzima, mtandao ulikatwa, wanakula, analala vizuri, mama asiwe na wasiwasi. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja na kumuuliza kama anavaa soksi nzito.

Kisha mdogo wangu akabadilisha lugha. Alisema kwa Kiswahili cha haraka, kile cha jeshini, akishusha sauti. "Dada, wale askari walikuwa wa kwetu. Wawili ni wa hema langu. Usimwambie mama."

Mama alinishika mkono juu ya kiwiko. "Amesemaje?"

Kwenye simu kulisikika upepo. Niligeuza yote. Kwamba waliokufa ni wa kwetu, kwamba wawili walikuwa wanalala naye hema moja, na kwamba ameniambia nisikwambie.

Mdogo wangu alisikia. Mama aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia kugusa simu.

"Wataje," alimwambia. "Mmoja mmoja, na kwao ni wapi."

Mdogo wangu akamtaja wa kwanza, jina lake na wilaya yake. Mama akalirudia jina lile taratibu, kwa lafudhi yetu ya Mbulumbulu.

"Ana mama?"

"Anaye."

"Ameambiwa?"

"Sijui, mama," alisema mdogo wangu.