Kuimbia Ngozi

Baba yangu alitengeneza madufu ya maulidi nyumbani kwetu Mabanga. Bomu la uasi wa kwanza lilimwacha kiziwi wa masikio yote mawili, lakini kazi hakuiacha. Ngozi ya mbuzi ikishakauka juu ya duara lake la mti, hakuipiga. Aliniita mimi, binti yake, nisimame upande mmoja, niisogelee bila kuigusa, niiimbie, kama mama alivyofanya kabla yangu. Yeye aliweka ncha za vidole upande wa pili na kufumba macho. Ngozi nzuri ilitetemeka kwa sauti yangu tu. Mbovu ilikaa kimya. Mimi, nasema kweli, niliona aibu kuiimbia ngozi ya mbuzi.

Madufu yaliyokamilika yalitundikwa sebuleni. Vita viliporudi, yalitetemeka kabla sisi wenye masikio hatujasikia kitu. Baba aliyagusa, akapaza sauti: "Batoto, mulale chini!" Hakukosea hata mara moja. Mpaka majirani walikuja kumuuliza habari za mizinga.

Siku volkano ya mlima ulio juu ya mji wetu ilipolipuka, yalitetemeka tena. Baba akaweka kiganja. "Ni bombe," akasema. "Mutu asitoke."

Tukalala chini ya kitanda, tukiomba dua. Nje tulisikia watu wanakimbia, tukasema wanakimbia vita. Tulipofungua mlango, moshi ulikuwa umeshajaa barabarani. Mama alikuwa na pumu. Baba alimbeba mgongoni hadi mtaa wa Keshero, na huko mama akafariki kabla jua halijazama.

Nilimchukia baba. Nilimpikia, nilimfulia, na nilimchukia.

Ilipita miaka kabla hajagusa ngozi tena. Siku hiyo aliniita kama zamani. Kwa kawaida alisoma midomo yetu, lakini sasa dufu lilinificha uso. Badala ya kuimba, nikasema yote: kwamba mama angekuwa hai, kwamba kiganja chake ndicho kilichomuua. Nilisema kwa nguvu hadi koo likaniuma.

Niliposhusha dufu, baba alikuwa bado amefumba macho. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeona meno yake tangu tulipomzika mama.

"Sauti yako imekomaa, mama," akaniambia. "Iko sawasawa na ya mama yako. Endelea, usiache."

Nikalirudisha dufu mbele ya uso wangu. Nililia kwanza. Halafu nikaimba.