Jumapili Mama Mkwe Alipokuja Grosari

Jumatatu mpaka Jumamosi masikio yangu ni mali ya mashine. Nina kinu cha kukoboa mpunga hapa Nyahanga, mjini Kahama, na kila aliyewahi kusimama karibu na kinu anajua kwamba pale hata salamu ni ya kupigiana kelele. Jumapili ndiyo siku yangu ya kusikia kitu cha maana. Nikitoka kanisani nabadili shati, namngojea mke wangu, ambaye hajawahi kuwa tayari kwa wakati tangu nimuoe, halafu tunatembea mpaka grosari ya mtaani kwetu.

Si mahali pa kumtambia mtu. Paa la bati, viti vya plastiki, kreti zimepangwa kando, na ukuta wa matofali unaotenganisha jiko na upande wa muziki. Ukuta una dirisha la kupitishia sahani. Lakini mbuzi wao anachomwa bila haraka, kachumbari ina pilipili ya kweli, na bendi inaanza mchana, jua likiwa bado kali, ili watu wazima wenye kazi zao Jumatatu nao wafaidi. Wanakuja Wahaya, Wachaga, Waha, watu wa Pwani, wote waliofuata dhahabu au mchele wakasahau kurudi kwao. Nikiwa pale sina shida na mtu.

Jumapili ninayoikumbuka, nilikwenda na shida. Mpiga gitaa wa bendi ile ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kitindamimba wa nyumba yao. Baba yao alipofariki, mama alibaki peke yake Kishapu na ng'ombe, akategemea kijana atarudi kuwaangalia. Kijana alikuwa Rwamgasa, anashuka kwenye maduara kuchimba dhahabu. Alipotoka huko hakurudi Kishapu. Alitua kwetu Kahama akiwa na begi moja na gitaa, na tangu siku hiyo sijamwona akiwa na furaha kama anayokuwa nayo akilishika lile gitaa. Sasa mama yao alikuwa amekuja kumchukua. Mke wangu alimbembeleza mpaka akakubali jambo moja tu: amsikilize kwanza.

"Nitamsikiliza Jumapili," alisema mama. "Jumatatu napanda naye basi."

Shemeji hakubisha. Kwao mtoto habishani na mama. Ila wiki ile chakula kilikuwa hakimpiti vizuri, na usiku nilimsikia akizipapasa nyuzi taratibu chumbani kwake asituamshe. Nilimwonea huruma sana. Nami ningefanya nini? Mkwe hana kauli katika mambo ya ng'ombe wa ukweni.

Tena mimi hata kumsemesha mama nisingeweza. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Vijana wa mjini wanasema hayo ni mambo ya kizamani. Mimi katika ndoa yangu yote sijawahi kumwona mama mkwe akitafuna kitu, naye hajawahi kuniona nikitafuna, na hatujawahi kugombana hata mara moja. Atakayeniita wa kizamani anieleze kwanza yeye anaelewanaje na wakwe zake.

Kwa hiyo tulipanga vizuri. Mama na mke wangu wangekaa mbele, karibu na bendi. Mimi ningekaa nyuma ya ukuta, upande wa jiko, nisikilize nikiwa na mbavu zangu za mbuzi na bia yangu. Mambo yalikwenda sawa mpaka nilipoinuka kwenda kunawa.

Siku hiyo kulikuwa na mhudumu mpya, binti wa Tanga, mwenye maneno matamu na roho nzuri kupita kiasi. Nilipomaliza kunawa nikakuta meza yangu ni tupu. Nikamuuliza sahani yangu iko wapi.

"Njoo baba, njoo," akasema, akanitangulia. "Wewe na mama na bibi mmekuja pamoja, halafu unakula peke yako jikoni kama umekosana nao? Nimeshawaunganisha."

Nilimfuata kama mjinga. Tulipopita kwenye makaa akanipa ubavu mwingine nionje kama umeiva, nami nikautia mdomoni bila kufikiri. Tukakata kona ya ukuta. Mbele yangu, hatua chache tu, ameketi mama mkwe wangu, sahani yangu na bia yangu viko mbele yake, na mimi nimeng'ata mfupa.

Mama alijifunika khanga kichwani na kugeukia upande wa pili. Mimi niligeuka kwa nguvu nikaparamia kreti za soda, zikalia watu wote wakatazama. Mke wangu akashika kichwa. Nyuma ya kreti nikamsikia mama akiinuka na kusema kwa sauti ndogo, "Tuondoke, mwanangu. Hapa si mahali pa watu wenye heshima." Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anakaza nyuzi. Hajapiga hata wimbo mmoja, na mimi nimekwishamharibia kwa ubavu wa mbuzi.

Nilirudi nyuma ya ukuta, nikakaa. Nyama sikuitaka tena. Nilimsikia mke wangu akimwomba mama, akimweleza kwamba binti ni mgeni, anatoka Pwani, hajui. Binti mwenyewe akapiga magoti akaomba radhi. "Nisamehe bibi, kwetu mkwe tunamnawisha mikono kabisa!" Halafu nikasikia kitu ambacho sikukitegemea, kicheko kidogo cha kuzuiwa na khanga.

"Poleni huko kwenu," akasema mama. Akaketi tena.

Bendi ikaanza. Walipiga nyimbo za kuchangamsha watu, za kila baa. Mke wangu alipokuja dirishani kuagiza ndizi nilimuuliza hali.

"Amekunja uso."

"Soda anakunywa?"

"Hajaigusa."

Nikaona basi, Jumatatu imefika. Kisha wenzake wakanyamaza, na shemeji akabaki peke yake na gitaa. Alianza na sauti chache za juu, zinarudiwa, zinasita, zinarudiwa tena. Mwanzoni sikuelewa. Halafu nikaelewa. Kila mchungaji kwetu ana mluzi wake wa kunyweshea ng'ombe. Akifika lamboni anaupiga, na ng'ombe wake, hata wakichanganyika na wa watu wengine, wanautambua na kushusha vichwa wanywe. Ule ulikuwa mluzi wa marehemu baba mkwe wangu. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi nilipokwenda kuposa, nikiwa nimesimama mbali kwa adabu. Shemeji alikuwa ameutoa kwenye midomo ya baba yake akautia kwenye nyuzi, na taratibu ngoma ikaja chini yake, kisha kinanda, ukawa wimbo.

Upande wa pili kiti kilisogea. Watu wakapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele.

"Kuna nini?" nikauliza. Dirisha lilikuwa pembeni ya uso wangu. Ningegeuza shingo kidogo tu ningeona. Sikugeuza. Nilitazama makaa.

Binti wa Tanga akaja mbio mpaka kwangu. "Baba, bibi anacheza!"

"Anachezaje?"

"Mabega, baba. Miguu haiondoki, ila mabega! Na kafumba macho."

"Na kijana?"

"Analia huku anapiga."

Nilitaka kuona kuliko nilivyowahi kutaka kuona kitu chochote. Watu wote wa grosari ile walimwona mama mkwe wangu akicheza, Wachaga, Waha, hata wapita njia waliosimama mlangoni. Mimi peke yangu sikuona, na sikuona vibaya. Nilifurahi mpaka nikaagiza bia nyingine.

Wimbo ulipokwisha, nikasikia hatua zikikaribia dirisha, zikasimama upande wao. Mama alikuwa anahema. Aliongea na mke wangu, lakini alipaza sauti kiasi kwamba hata aliye nyuma ya ukuta asingekosa.

"Mwanangu, muulize mumeo, mkwilima wangu. Hapa mjini anamfahamu kijana mwaminifu, anayejua ng'ombe, ambaye anaweza kuja Kishapu kunichungia?"

Mke wangu akainamisha kichwa dirishani aniulize, kama vile sikusikia. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nyuma yake bendi ilikuwa haijaanza wimbo mwingine, na nilijua ni nani anayesubiri jibu langu kuliko wote.

"Mwambie mama," nikasema, "nitamtafuta kesho asubuhi."