Unga wa Kioo kwa Meno ya Mwalimu Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika jino la mtu. Nilishika bakuli la kutemea. Bwana Tabibu Mkuu wa Meno, ndivyo tulivyomwita hospitali nzima pale Mji Mkongwe, alinisimamisha kushoto mwa kiti akaniambia, "Hapa kazi yetu sindano na koleo. Jino likishacheza limeshaaga. Weye kazi yako usiangushe hilo bakuli." Sikuliangusha. Nilikuwa msichana wa Jang'ombe mwenye haraka ya kila kitu, na kabla ya adhuhuri nilijua kazi hii nimeipenda.

Koleo la meno, kwa vijana msiolijua, si lile la fundi bomba. Magego ya juu yalikuwa na lake, ya chini lake, na meno ya mbele yalikuwa na koleo jembamba lililonyooka. Tabibu Mkuu aliyajua kwa kuyagusa tu. Alinifundisha kwamba jino halivutwi; linasukumwa kwanza, kisha linatikiswa mpaka mfupa unaolishika ulegee. Nilipomaliza masomo ya afya nikawa tabibu wa meno mwenyewe, niling'oa vivyo hivyo, na niling'oa vizuri.

Nikapelekwa Mkokotoni. Siku za soko watu walivuka kutoka kisiwani Tumbatu na mashavu yamevimba, wakitaka jino litoke upesi wawahi kurudi. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alipenda kuona foleni imekwisha. "Bi Maryam," akiniambia, "hatuna nafasi ya kubembeleza jino hapa." Hakukosea, maana hata vifaa vya kulibembelezea hatukuwa navyo. Kilichonikera mimi ni ugonjwa wa fizi. Mtu anakuja na meno mazima, hayana tundu hata moja, lakini yanacheza. Ukoga umegeuka jiwe, umeingia chini ya fizi, na mfupa unaoshika jino umeliwa. Mfupa ule ukishaliwa haurudi, ndivyo tulivyosomeshwa. Basi nikayang'oa meno mazima yale kwa hasira ambayo sikuwa na wa kumtolea.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa mjini, kwenye kliniki moja alikokuja daktari bingwa wa fizi, kijana mpole kutoka bara, makamo ya mwanangu wa kwanza. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wangu wa mwisho. Asubuhi moja mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Zuwena.

Bi Zuwena ndiye aliyenisomesha Kurani utotoni, kwenye chuo chake cha nyumbani Jang'ombe, na hakuacha kusomesha tangu hapo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Maryam. Nnataabika, mwanangu. Meno ya mbele yanacheza."

Yalikuwa mawili, ya juu, ya katikati. Nilipoyagusa kwa kidole yakasogea.

Msidhani alikuwa analilia sura. Herufi kama thaa na dhali hutolewa kwa ncha ya ulimi kugusa ncha za meno hayo hayo. Mwalimu wa chuo hatamki herufi tu, humwonesha mwanafunzi ulimi unakaa wapi. "Nikisema dhali nnayahisi yanakwenda," alituambia. "Sasa herufi hizo nnawapitisha watoto mbiombio. Mwalimu wa namna hiyo bora afunge chuo." Nikamtajia meno ya bandia. Akasema shoga yake anayo, na kila akisema dhali hutoka mluzi. Namjua Bi Zuwena, si mtu wa kutishia. Chuo angekifunga kweli.

Daktari akamweleza kwamba siku hizi mfupa ulioliwa unaweza kusaidiwa kuota tena. Fizi hufunuliwa, jiwe likakwanguliwa kwenye mizizi, kisha shimo likajazwa unga wa mfupa.

"Mfupa wa nani?"

"Ng'ombe, Bi."

"Kachinjwa na nani?"

Daktari akakigeuzageuza kile kiboksi. Hakikusema. Akamwambia kwa adabu kwamba unga ule umechomwa na kusafishwa, na wapo mashekhe wanaoruhusu kwa dharura.

"Wanaoruhusu nnawaheshimu," akasema Bi Zuwena. "Lakini kinywa hichi ndicho nnachosomea. Sitaki kukitia shaka."

Daktari hakubishana. Mimi ndiye niliyetaka kubishana, nikajizuia kwa heshima ya ufito wake niliouonja zamani.

"Upo unga mwengine," daktari akasema. "Huo si mfupa, ni kioo."

"Chupa? Mnitie chupa kwenye fizi?"

Hata mimi niliruka. Tumekua tukiambiwa kwamba chupa iliyosagwa hukata matumbo. Daktari akavuta kiti akakaa mbele yake. Kioo cha dirisha, alisema, ukikitia mwilini kitakaa tu hapo. Hiki kimepikwa kwa asili ya mchanga pamoja na madini mengine, kalisi na fosforasi, kwa kipimo maalumu. Kikilowa majimaji ya mwili huanza kuyeyuka kidogo kidogo, na juu yake hufanyika utando wa madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Chembe hai za mfupa huja zikashika hapo na kujenga. "Unaojenga ni mwili wako, Bi. Kioo kinaufungulia njia tu. Na sikuahidi, pengine kitashindwa."

"Hakina mnyama ndani yake?"

"Hakina."

"Basi nitie."

Unga uliagizwa, ukafika katika kichupa kidogo mno. Nilishika kioo cha kuangalizia na bomba la kufyonzea mate huku daktari akifunua fizi. Tuliyaona mashimo yale kwa macho. Alikwangua taratibu, akautia unga kwenye kikombe pamoja na damu yake Mwalimu mwenyewe mpaka ukawa kama mchanga wa pwani uliolowa, akaushindilia, akashona. Meno tukayafunga na jirani zake kwa uzi mwembamba wa chuma uliogandishwa kwa nyuma. Kisha yakaja masharti: usiyatafunie, usiyasukume kwa ulimi, na herufi zile usizisomeshe mpaka tukuruhusu. Hilo la mwisho lilimuuma kuliko sindano.

Mwanawe akashika chuo. Nilikuwa nikipita kumwangalia, namkuta Bi Zuwena amekaa pembeni mwa mkeka, kinywa amekifumba, akisikia kosa anagonga sakafu kwa ufito. Watoto walimwogopa zaidi alivyokuwa kimya. Mimi nilikuwa na hofu yangu nyengine. Kustaafu kulikuwa kumekaribia, na kung'oa ndiyo kazi yangu. Kioo kikishindwa, atakayepewa lile koleo jembamba ni mimi. Sikutaka kuiaga kazi kwa kuyang'oa meno yale.

Miezi ikapita, tukampiga picha ya eksirei. Daktari akainyanyua kwenye mwanga. Shimo la jino moja lilikuwa limejaa vizuri, la pili limejaa nusu. "Nusu hii inatosha kulishika," akasema, akaufungua uzi. Bi Zuwena picha hakuitazama hata kidogo. Alinigeukia mimi.

"Maryam, sema *alladhina*."

Nikasema.

"Hiyo zaa, si dhali. Toka udogo wako una haraka. Tazama hapa." Akafunua kinywa, akaiweka ncha ya ulimi kwenye yale meno mawili, akaibana na kuivuta dhali ndefu. Nilitazama ulimi ukiyasukuma. Hayakwenda popote. Nililia pale pale mbele ya mkuu wangu, glavu mikononi, na wala sikuona haya.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi wakinijia nawaambia wasiuone unga ule kuwa ni miujiza. Usiposafisha chini ya fizi na mgonjwa asipopiga mswaki, unapoteza kioo chako bure. Namkumbuka pia Tabibu Mkuu, Mungu amrehemu. Simlaumu, alifanya kwa alichokuwa nacho. Lakini natamani angaliona jino lililoaga likirudi.

Baada ya alasiri nakwenda Jang'ombe, kwenye darasa la kina mama. Haraka yangu haijaniacha, na dhali yangu bado inateleza. Bi Zuwena hunikalisha mbele kabisa. Miaka yote ile nikiwaambia watu maneno mamoja, leo naambiwa mimi.

"Fungua mdomo," anasema, ananiinamia aone ulimi wangu ulipo.

Nafungua.