B Maana Yake Baki

Lile ghala lilinichosha kabla hata hatujang'oa bati moja. Nimesimamia ujenzi wa serikali karibu maisha yangu yote ya kazi, vyoo vya shule, zahanati, kuta zisizo na mwisho, lakini sijawahi kuona kazi yenye vikao vingi namna ile. Lilikuwa ghala la kahawa, hapa hapa Moshi mjini, limekaa tupu mpaka popo wakajiona ndio wenye hati. Serikali ikaamua ligeuzwe ofisi. Tena si ofisi hivi hivi, jamani. Ofisi endelevu.

Neno hilo nililieneza mimi. Siku ya kwanza nilisimama juu ya kreti mbele ya mafundi, nikalieleza kwa maneno mepesi, maana yale ya kwenye makaratasi hata mimi yalinishinda. Nikasema, "Endelevu maana yake hatutupi kitu ambacho bado kina nguvu. Mbao za sakafuni zitakuwa meza. Matundu ya hewa kule juu tutayafungua, tusitegemee viyoyozi. Maji ya mvua yatatoka paani yaingie kwenye tangi. Kilichokuwemo humu, kama bado kinafaa, kinaendelea." Nikatoa chaki nikawaonyesha alama. B maana yake baki. T maana yake toa. Mafundi wakaitikia kivivu, wanataka chai. Mlangoni, nyuma yao wote, mlinzi wa ghala akapiga makofi peke yake.

Alikuwa mzee wa Kibosho. Alianza kulinda pale magunia yakiwa yamepangwa hadi darini, na kahawa ilipokwisha akaendelea kulinda hewa. Koti la kaki, rungu, na benchi moja la mbao ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kulikalia.

"Shikamoo mzee," nilimwambia kila asubuhi.

"Marahaba, mama injinia. Umeamkaje?"

"Nimechoka."

"Umechoka na saa mbili haijafika? Hiyo ni njaa ya kwenu Machame." Halafu anafungua chupa yake ya chai, ambayo ndani haikuwa na chai bali mtori wa ndizi wa mke wake, mzito, wenye nyama. "Kunywa. Ule wa kwenu ni mwepesi, unafaa wagonjwa."

Mimi si injinia, ni fundi sanifu tu. Nilimrekebisha mara mbili tatu, nikaacha.

Ukweli ni kwamba yule mzee ndiye aliyelijua jengo. Alinionyesha boriti iliyoliwa na mchwa ingawa kwa nje iling'aa, na kona ambayo ilivuja kila masika. Injinia wa mkandarasi, kijana wa Dar, alitaka kuziba matundu ya upande wa kusini. Mzee akamshika mkono akamsimamisha pale saa saba mchana, upepo unaopanda kutoka tambarare ukampiga usoni. Kijana akafuta mchoro wake bila ubishi. Nikaandika B kwenye matundu yale, na mzee akanitazama kana kwamba nimemwandikia yeye.

Hapo ndipo nilipopaswa kuamka. Sikuamka.

Barua ilikuja kazi ikiwa imefika nusu. Ilisema jengo likikabidhiwa litalindwa na kampuni ya ulinzi, vijana wenye sare na mitambo ya kukagulia mizigo, na utumishi wa mlinzi wa zamani utakoma siku hiyo hiyo. Mkubwa wangu akanipa nakala. "Mwambie wewe," akasema, "si mmezoeana?"

Nikaitia kwenye mkoba. Leo magoti yananiuma, nitamwambia kesho. Kesho mvua. Kesho kutwa wakaguzi. Nasema wazi, sikusahau hata siku moja. Nilikuwa mwoga na nikaupa woga wangu jina la uchovu.

Naye alikuwa anapanga. "Mimi mtaniweka wapi, mama? Hapa mlangoni, au kule kwenye tangi? Tangi litataka mtu, watoto watachezea mabomba."

"Tutaona, mzee."

Nilipoandika T kwenye kibanda chake cha mabati hakununa. "Kweli kimeoza," akasema. "Nitahamia ndani." Asubuhi iliyofuata tukakuta benchi lake lina B kubwa ya chaki, imepinda, si mwandiko wangu. Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikapita na mkoba wangu begani.

Nilimwambia siku mbili kabla ya makabidhiano. Nilimsomea barua yote pale pale kwenye benchi, kwa sababu sikuwa na maneno yangu mwenyewe. Alisikiliza rungu likiwa magotini.

"Lakini si ulisema ni endelevu?"

"Nilisema, mzee."

"Na benchi?"

"Benchi linabaki. Litakuwa la wageni."

Akalipapasa kidogo. "Kumbe mimi ni T," akasema, akaenda kufunga geti, maana saa ya kufunga geti ilikuwa imefika.

Kesho yake alikuja amevaa koti la kanisani. Kwa mikono yote miwili alishika jani la isale lililopigwa fundo. Sisi wa mlimani hatuhitaji kuelezwa. Mtu akikuletea isale anaomba radhi, na awe amekukosea nini, humkatalii. Watu wamemwagiana damu wakapatana kwa jani hilo.

"Mama injinia," akasema, "nimefikiri usiku kucha, sijui nilikosea wapi. Labda nilisinzia zamuni. Labda yule kijana wa Dar nilimshika mkono vibaya. Naomba unisamehe, na wakubwa uwaombee wanisamehe."

"Mzee, hujakosea kitu. Wallahi hujakosea."

"Kitu kizima hakitolewi. Ulisema mwenyewe."

Mafundi walikuwa wameacha kazi wanatutazama. Nilitaka kumwambia kuwa jani lile ningepaswa kulibeba mimi, kulipandisha hadi Kibosho, nikapige magoti uani kwake. Lakini alikuwa amelinyoosha mbele yangu, na isale haikataliwi. Nikalipokea.

"Nimekusamehe, mzee," nikasema.

Akashusha pumzi, uso ukamlegea, akanishukuru. Akasema afadhali sasa, atakapofika nyumbani atamwambia mke wake kwamba yamekwisha.