Ufunguo Mmoja, Makufuli Matatu

Baiskeli ya kwanza ya tarishi iliibwa saa nne asubuhi, mbele ya mlinzi aliyekuwa akilinda magari. Hivyo ndivyo mlinzi mwenyewe alivyoandika katika taarifa yake, na hakuna mtu ofisini aliyeona kasoro katika sentensi hiyo. Magari yana paa, yana mistari myeupe ya kuyatenga, na yana mtu anayelipwa ili ayatazame. Baiskeli, kwa maneno ya mkuu wa utawala, ni mali binafsi ya mtumishi. Kwamba mali hiyo binafsi ndiyo iliyosambaza barua za ofisi katika majengo matano kwa miaka kumi na tisa ni jambo ambalo halikupata nafasi katika taarifa.

Mkataba wa tarishi ulidai awe na chombo chake cha usafiri. Akapewa mwezi mmoja. Usipopatikana usafiri, kazi ingetangazwa.

Mwizi alikuwa ameacha mnyororo na kufuli chini, penye ukingo wa chuma wa ngazi. Kufuli lilikuwa wazi, halina hata mkwaruzo. Kwa hiyo ofisi nzima iliafikiana kwamba tarishi alisahau kufunga. Aliyafunga mageti, makabati na masanduku ya barua ya watu wengine kwa karibu miongo miwili, lakini la kwake alisahau. Hata mkewe, aliyemjua kwamba hurudi mlangoni mara mbili kuhakikisha amefunga, alimuuliza akiwa anaosha vyombo, bila kumtazama:

"Baba watoto, una hakika ulifunga?"

Tarishi alilitia lile kufuli katika mkoba wake na kutembea nalo.

Aliyemwokoa ni shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, fundi rangi mwenye baiskeli iliyong'aa kuliko nyumba alizozipaka.

"Dada yako nilipomchukua kwenu sikuahidi kumrudisha," alisema shemeji akimkabidhi. "Hii ni tofauti. Hii itarudi."

"Na ikiibwa?"

"Ikiibwa, shemeji, usije wewe. Mtume dada yako, maana yeye siwezi kumfukuza."

Walicheka wote wawili, mmoja kidogo kuliko mwenzake.

Jumamosi iliyofuata tarishi alikwenda katika duka la vifaa alikonunua kufuli la kwanza. Mwenye duka, mwanamke wa maneno mengi aliyekaa nyuma ya wavu, alimtolea kwanza kufuli la waya uliovikwa plastiki, lenye namba nne za kuzungusha.

"Hili halina ufunguo, kaka. Ukisahau namba ndiyo umekwisha."

Tarishi aliupinda waya, akaulizia koleo.

"Koleo la nini?"

"Nijaribu kuukata."

"Hapa hukati kitu hujanunua."

"Basi umeshanijibu, dada."

La pili lilikuwa pingu ya chuma iliyopindwa, nzito kama jiwe la kusagia. Bei yake ilikuwa chakula cha nyumba yake kwa wiki tatu. Aliishika kwa muda, kisha akairudisha taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa wenyewe. Kuna watu wanaosema kwamba rahisi ni ghali. Aghalabu ni watu wasiowahi kuchagua kati ya kufuli na unga.

Likabaki boksi la makufuli ya manjano, ndugu wa lile la kwanza. "Haya ndiyo ya watu wote," alisema mwenye duka. "Mtaa mzima unanunua haya."

Tarishi alitoa ufunguo wake wa zamani mfukoni. Mtu aliyebeba funguo za wengine kwa miaka hiyo yote huzijua kwa meno yake, na meno ya ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye kufuli la juu yalimwonyesha sura aliyoizoea. Aliufunga mkono wa kufuli hilo, akatia ufunguo wake, akazungusha. Likafunguka. La pili lilikataa, na la tatu, na la nne. La tano likafunguka. Katika makufuli kumi na mawili, ufunguo wake ulifungua matatu.

"Kaka, punguza sauti, kuna wateja," alisema mwenye duka.

"Sijasema kitu, dada. Ni kufuli lililosema."

Mwanamke yule aliyatazama makufuli matatu yaliyokuwa wazi mezani. Kisha aliinama chini ya meza na kutoa moja jeusi, lenye vumbi, ambalo ufunguo wake ulikuwa wa duara kama kalamu. "Hili limekaa miaka. Ufunguo wake wa pili ulipotea, ndiyo maana hakuna anayelitaka. Nitakupunguzia."

Tarishi alijaribu funguo zote za boksi. Hakuna hata mmoja uliopenya. Alilinunua, pamoja na mita moja ya mnyororo mnene, unaotosha kushika fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja. Nyumbani aliuvika mnyororo mpira wa ndani wa baiskeli, usije ukachubua rangi ya shemeji, na ufunguo wake wa pekee akauvaa shingoni.

Alipomweleza mkewe habari za makufuli matatu, mkewe alisema, "Kumbe nilikuuliza bure."

"Hukuniuliza. Ulinihukumu."

"Nisamehe basi."

Siku ya mwisho ya mwezi aliopewa, tarishi alitoka jengo la nne akamkuta mwanamume aliyevaa vizuri, mwenye faili kwapani, amechutama kando ya baiskeli. Mkononi alikuwa na shada la funguo ndogo. Alijaribu mmoja, akashika wa pili.

Tarishi alisimama nyuma yake hadi mtu yule akahisi kivuli.

"Samahani," alisema akiinuka. "Nilidhani ni yangu."

"Endelea tu, kaka. Mimi mwenyewe nilizijaribu zote."

Mtu yule hakukimbia. Alikwenda kwa mwendo wa mwenye miadi, akapita langoni, na mlinzi wa magari akamwitikia salamu.

Barua ya jengo la tano ilikuwa ya mkuu wa utawala mwenyewe. Mezani mwake palikuwa na tangazo la nafasi ya tarishi, limekwisha chapwa, linasubiri saini.

"Umechelewa dakika sita," alisema mkuu. "Baiskeli unayo?"

"Ninayo, bosi. Iko hapo chini."

"Sasa umechelewaje?"

"Nilikuwa namsubiri mtu ashindwe."

Mkuu hakuuliza ni mtu gani. Alitia saini kitabu cha kupokelea barua, akalikunja lile tangazo mara mbili na kulitupa kapuni, kisha akamnyooshea tarishi bahasha nyingine ya kurudisha jengo la kwanza.