Mrithi wa Mfalme Mfupi

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na mfalme wake. Huyo mfalme hakuzidi kimo cha mchi, ndevu zilimfika magotini, na alitawala chini ya mlima, ambako watu wake wafupi walifua shaba mchana kutwa. Sisi wasichana tulijifunza ukoo wake tukitwanga mpunga: kila pigo la mchi, mfalme mmoja. Aliyezaliwa ndani ya jiwe akamzaa mwenye nyundo, mwenye nyundo akamzaa aliyekausha mto, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, mtoto aliyepotelea nje kwenye jua. Huyo, bibi alisema, angerudi siku moja kukalia kiti cha baba yake, na watu warefu wote wangemwinamia. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa kuzaliwa.

Siku moja polisi wa sultani alipita njia iendayo Wamaza, kando ya kijiji chetu, akikagua mashamba ya pamba. Akasimama nyuma ya uzio wetu, akatusikiliza tukitwanga na kuwataja wafalme mpaka mwisho. Mtu mzima na kofia yake nyekundu, akaamini! Lakini sultani wetu alikuwa amevishwa medali ya uchifu na Wabelgiji, na kiti hakikuwa cha ukoo wake. Kila mtu alijua, hakuna aliyethubutu kusema. Polisi alipomfikishia habari ya mrithi anayerudi, ilimkosesha usingizi.

Polisi wake wakaja kumkamata baba, kwa sababu nyumba ilikuwa yake. Wakamfunga mikono kwa kamba, nasi tukamfuata tukilia hadi uwanja wa sultani. Fimbo ya ngozi ya kiboko ilikuwa imelazwa mezani. Sikuweza kuitazama, wala kuacha kuitazama.

"Ule mutoto wa mufalme iko wapi?" sultani akamuuliza baba. "Ni wewe?"

Baba alitikisa kichwa kukataa. Bibi akapiga magoti mbele ya meza.

"Sultani, ile ni hadisi ya batoto."

"Hadisi iko na mwisho, mama. Mutoto atarudi, ao hapana?"

Polisi akaishika fimbo.

"Alikufa," bibi akasema. "Nyoka ilimuuma mu pori. Hakuzaa."

"Kaburi yake iko wapi?"

"Hapana kaburi. Fisi zilimukula."

"Apa."

"Haki ya Mungu, sultani. Ule ukoo umekwisha."

Alilisema kama mtu anayemzika mwanawe. Baba akafunguliwa kamba.

Kesho yake tulitwanga tena. Nilikuwa bado naogopa, lakini lile la fisi lilikuwa limenikaa rohoni. Nikamsogelea bibi na kumnong'oneza, "Bibi, ulimudanganya sultani, sivyo? Mutoto atarudi?"

Hakunitazama. Alikuwa akipepeta mchele, na mikono yake haikusimama.

"Baba yako amerudi," akasema. "Twanga."