Kwa Kitabu Kipi, Mwalimu?

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka. Nimezaa, nimezika, nimesahau majina ya watu niliocheza nao, lakini Jumamosi ile nikiikumbuka huwa situlii kitini. Jana uliponiuliza ununue Biblia ya tafsiri ipi, maana dukani umezikuta nyingi na ndani ya simu yako zimo nyingine, nilikwambia tutaongea kesho, ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Swali hilo niliulizwa zamani na mwanamke mmoja, nami nikakaa mbele yake sina la kusema. Vuta kiti.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vikuu vimekwisha juzi tu, nami nina miaka kumi na tisa. Tulikaa Changamwe kwa sababu baba alikuwa mtu wa reli, lakini asili yetu ni Kisauni, kwa wale wazee waliokombolewa utumwani wakajengewa kanisa pale. Nyumbani tulinena Kimvita. Mama hakujua njia, alijua ndia. Hakujua macho, alijua mato. Akitaka kunituma huita, "Damari, ndoo hapa," yaani njoo, nami huitika, "Abee." Biblia ya nyumbani ilikuwa ya Kimvita, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa gunia.

Kanisani kulikuwa na darasa la wanawake waliojitayarisha kubatizwa. Wengi walikuwa wake za makuli wa bandarini na wa wafanyakazi wa reli: Wakamba, Wataita, Wajaluo, na Wagiriama wawili watatu. Mama ndiye aliyewafunza miaka mingi, kwa Biblia yake ile. Magoti yalipoanza kumsumbua, darasa nikaachiwa mimi.

Sasa sikiliza ujinga wa ujana. Mwaka ule alikuja mwalimu kijana, Elkana, katoka chuo cha ualimu, soksi zimevutwa mpaka magotini. Alikuja na Biblia ya Kiunguja. Akasema Kiswahili cha shule ndicho hicho, na kwamba huko mbele kunatengenezwa tafsiri moja ya watu wa pwani na wa bara, nayo haitakuwa na ndia wala mato. Siku moja alinisikia nikisoma kitabu chake. Akasema, "Damari, wewe wasoma kama mtu wa Unguja." Basi! Wiki nzima sikukaa mahali pamoja. Natwanga, nasikia sauti yake. Nachota maji, naisikia. Nikamsumbua baba mpaka akanipatia Biblia kama ile ya Elkana. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nami sikujua kama walinisema mimi.

Si kwamba kitabu kilikuwa kibaya, la. Kilikuwa kizuri, na baadaye nilikisoma miaka mingi. Ubaya ulikuwa katika nilichokifanya nacho. Niliingia darasani nikawaambia wale wanawake, "Haya maneno mliyofunzwa yatoeni. Tunaanza upya." Mtihani wa kubatizwa ulikuwa umebakiza majuma matano.

Miongoni mwao alikuwako Kalekye, Mkamba, mke wa kuli mmoja aitwaye Mutiso. Walipanga chumba Magongo. Alikuwa amenizidi miaka kumi na zaidi, nasi tulimwita Mama Mwikali kwa jina la bintiye. Kusoma hakujua. Alikuwa akisuka vyondo, vile vikapu vya Kikamba, na mama yangu alimfunza kwa masikio: mama anasoma, yeye anasuka na kurudia, anasuka na kurudia, mpaka kisa kizima kinamkaa. Alichokipenda kuliko vyote ni kisa cha yule kipofu aliyeketi kando ya njia akimlilia Bwana amhurumie. Miaka miwili alihudhuria. Na alikuwa na haraka, kwa sababu mkataba wa mumewe ulikuwa ukiisha na wangerudi Ukambani, nako kwao kanisa lilikuwa mbali mwendo wa siku nzima. Alitaka aondoke amebatizwa, yeye na Mwikali.

Kila alipofungua kinywa darasani nilimkatiza. "Si ndia, Mama Mwikali. Njia." Anarudia. "Si tini. Chini." Anarudia. Nikaona alivyoanza kuja bila kiondo chake, mikono imelala mapajani. Sikuuliza kwa nini. Niliona ni maendeleo.

Ikafika Jumamosi ile. Kasisi wetu, mzee wa Kitaita mwenye maneno machache, aliketi mbele, na Elkana kando yake akiandika majina ya waliopita. Mimi nilisimama ukutani. Kila mwanamke alitakiwa asimulie kisa kimoja na aseme kimemfunza nini. Zamu ya Kalekye ikafika. Akasimama, akaanza vizuri kabisa, sauti imetulia:

"Palikuwa na kipofu, ameketi kando ya ndia..."

"Njia!" nikasema.

Sikutumwa na mtu. Kasisi hakuwa amesema neno. Nilitaka tu Elkana asikie kwamba mimi nimefunza vyema, kosa ni la mwanafunzi.

Kalekye akanitazama. Akaanza tena. "Kipofu, ameketi kando ya... n..." Akasita. Mwanamke mmoja nyuma akacheka kidogo. Akaanza mara ya tatu, na safari hii hakufika hata kwa kipofu. Midomo ilikuwa ikitikisika, sauti haitoki. Kasisi alingoja. Alingoja sana, mwanangu, mpaka nikasikia nzi dirishani. Mwisho akasema kwa upole, "Mama, hujawa tayari. Tutaonana mwakani."

Mwakani! Nami nilijua hakuna mwakani. Nilijua pia kisa kile anakijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Neno moja langu lingetosha. Elkana akainamisha kichwa akaendelea kuandika, na mimi nikanyamaza. Ulimi uliokuwa mwepesi kusahihisha ukawa mzito kutetea.

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Mama alikuwa akichagua mchele. Hakuinua uso.

"Ndoo hapa, Damari."

"Abee, mama."

"Kipofu yule alipolia, kuna watu waliomwambia anyamaze. Wawakumbuka?"

"Nawakumbuka."

"Wale walikuwa na mato mazima. Na ndia waliiona." Akaendelea kuchagua mchele. "Nyanya yangu aliletwa Kisauni hana jina lake, hana lugha yake. Vyote alinyang'anywa huko alikopitishwa. Alipoanza kusomewa Neno, alisomewa kwa Kimvita hiki unachokionea haya leo. Ndicho alichokufa nacho mdomoni. Sasa nambie wewe uliyesoma, Mngu hakumsikia?"

Angenipiga ningeona afadhali.

Jumapili yote nilihangaika. Niliweka vitabu vyote viwili mezani, cha mama na changu, nikafungua kisa cha kipofu huku na huku, nikapeleka kidole mstari kwa mstari. Nilikuwa natafuta mahali kimoja kimekosea, nipate cha kujitetea. Nikaenda hadi jikoni, nikarudi. Nikaenda hadi mlangoni, nikarudi. Katika kitabu cha mama kipofu aliita, akaitwa, akainuka, akaona. Katika changu aliita, akaitwa, akainuka, akaona. Mahali pawili hivi changu kilikuwa wazi zaidi. Mahali pamoja cha mama kilinigusa moyo zaidi. Lakini mtu aliyeinuka ni mmoja. Hakuna nilikomkuta amebaki chini kwa sababu ya lugha.

Jumatatu nikaenda Magongo kwa miguu. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikapewa kigoda na maji ya kunywa. Mwanangu, ukimkosea mtu naye akakupa maji, hayo maji hayamezeki.

"Shikamoo, Mama Mwikali."

"Marahaba, mwalimu."

Chumbani mizigo ilikuwa imeanza kufungwa. Nikasema nimekuja kumtaka radhi. Akasema, wala si kwa hasira:

"Mwalimu, mimi nilikuwa na maneno. Mama yako alinipa. Nikisuka ninayo, nikipika ninayo. Wewe ukaja ukasema toa. Nikatoa. Yako hayajaingia bado. Juzi nimesimama pale nikaangalia ndani, hakuna kitu."

"Tuanze tena," nikamwambia. "Leo hii. Mimi nitakuja kila siku."

"Kwa kitabu kipi, mwalimu?"

Ningesema cha mama, ningekuwa nimemchezea majuma matano kama karata. Ningesema changu, nilikuwa nimeona kilivyomfanya. Machozi yakaanza kunilenga. Nadhani alinihurumia, kwa maana alisimama mbele yangu akaanza kukieleza kile kisa kwa Kikamba. Mumewe alikuwa na Agano Jipya la kwao, limechakaa, na alikuwa akimsomea alipotoka kazini. Sikuelewa neno hata moja. Lakini nilimwona kipofu! Nilimwona anapapasa, nilisikia anaita, nikaona watu wanamziba mdomo, nikaona anaacha nguo yake na kukimbilia sauti. Mwikali aliyekuwa mlangoni alicheka na kupiga makofi. Nikajua nilichokuwa nikikifunza majuma yote yale kilikuwa matamshi tu. Kisa chenyewe alikuwa nacho zamani.

Nilitoka pale karibu nikikimbia. Nilimkuta kasisi akirekebisha baiskeli yake, nikamwambia yote, pamoja na habari ya Elkana, ingawa aibu ilinichoma. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Mbona hukusema Jumamosi?"

"Niliona haya."

"Ya nani?"

Hakunishurutisha. Akasema majina yameshaandikwa lakini hayajapelekwa, kesho yake atakwenda Magongo amsikilize huko huko nyumbani kwake. Nikarudi Magongo mbio, jasho linanitoka, kumpa Kalekye habari. Akafurahi. Kisha akasema, "Aje kasisi. Lakini wewe, mwalimu, usiwe ndani."

Basi kesho yake nilisimama nje, juani, kando ya kibanda cha kuku, kama mtu aliyeleta barua. Nilisikia sauti yake kupitia ukutani. Alisema ndia. Alisema mato. Mahali fulani akachanganya na njia, na Kiswahili kilipomwishia akaingiza Kikamba. Nilijikuta nimeushika mdomo wangu kwa mkono, maana tabia ni ngozi, bado ulitaka kusahihisha. Kasisi akamuuliza kisa kimemfunza nini. Kalekye akajibu, "Kwamba Bwana alimsimamia yule waliyemnyamazisha." Nikamsikia mzee yule wa maneno machache akicheka kwa furaha.

Alibatizwa yeye na bintiye, Jumapili moja kabla ya kusafiri. Aliulizwa anamtaka nani amsimamie. Akamchagua mama yangu, ambaye alitembea kwa magoti yale mabovu mpaka mbele ya kanisa. Mimi sikuitwa, na nilistahili. Aliponiaga alinishika mkono, akasema, "Nimekusamehe, mwalimu," lakini machoni niliona kwamba imembidi afanye kazi kunisamehe. Sikupata kumwona tena. Elkana, ukitaka kujua, alioa binti wa Rabai asiyejua kusoma hata herufi, na waliishi vizuri sana.

Sasa nikujibu swali lako. Ukienda dukani, usichague kwa jalada wala kwa sifa za muuzaji, wala kwa kuwa kuna mtu unayetaka akuone. Fungua mahali unapopajua, usome. Kisha fungua mahali usipopajua, usome. Halafu msomee kwa sauti mtu wa nyumbani asiyesoma sana, umuulize umesoma nini. Akikueleza, hicho ndicho kitabu chako cha kila siku. Kaa nacho. Usihame kila mwezi kama mpangaji mwenye madeni, kwa maana Neno linataka kuzoewa, na usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini ukitaka kuchimba, ukikwama katika fungu, weka cha pili kando yake, hata cha tatu, na kile cha lugha ya nyanya yako kama kipo. Vinapotofautiana usikimbilie kusema hiki ni cha uongo. Uliza kwa nini. Muulize aliyesoma kuliko wewe, na umuulize pia asiyesoma. Vinapokubaliana, basi tii, hapo hakuna cha kuuliza.

Na hili lishike kuliko yote: usimpokonye mtu maneno anayomwombea Mungu kabla hujahakikisha ana mengine. Kama yake yana kosa, mngoje amalize, mwite kando, mpe lako kama zawadi. Ulimi hauna mfupa, lakini mimi nimeona ukivunja. Hata leo nikiwa kanisani na kijana akamsahihisha mzee anayesoma, hushindwa kukaa. Hutoka nje nikajifanya nakohoa.

Haya, inuka, jua lisikukute njiani. Mungu akufungulie sikio kabla ya kukulegezea ulimi. Usomapo peke yako, upate kuelewa. Usomapo mbele ya watu, wapate kuinuka. Na wakikuita kwa lugha yoyote ile, mwanangu, uitike. Amina.